Kuchagua Vyombo vya Mawasiliano vya Mradi wa Programu Huria: Mwongozo Kamili

Mradi wa programu huria (programu ambayo maandishi yake ya msingi, yaani msimbo, yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyaboresha) ukifikisha watu watano, mmoja wao hufungua kundi la WhatsApp. Wiki inayofuata mwingine anafungua Discord kwa kuwa vijana wengi wako huko. Kisha inakuja Slack, kwa sababu kuna mchangiaji aliyeizoea kazini. Baada ya miezi sita mradi una milango mitatu, na mgeni anayebisha hodi hakuti mtu kwenye wowote. Swali lake lilikwisha kujibiwa Machi, ndani ya WhatsApp, na aliyelijibu amebadilisha simu.

Mwongozo huu ni wa watunzaji wa mradi mdogo au wa kati: watu wawili hadi kumi wanaoshika msimbo, na watumiaji kuanzia makumi hadi mamia kadhaa. Msimamo wetu ni kwamba kumbukumbu hutangulia na gumzo hufuata. Jengeni kwanza mahali ambapo maneno yanabaki, yanasomeka na kila mtu na yanapatikana kwa kutafuta. Mahali pa kupiga soga papo kwa papo patafutwe baada ya hapo.

Hatua ya 1: Orodhesheni mazungumzo mliyonayo tayari

Msifungue chombo chochote kwanza. Kwa wiki moja, kusanyeni kila ujumbe unaohusu mradi, popote ulipopita, kisha uwekeni kwenye fungu lake. Karibu kila mradi huwa na mafungu haya: taarifa za hitilafu na maombi ya vipengele vipya, maswali ya watumiaji, mijadala ya kuamua jambo, maulizo ya haraka kati ya wachangiaji, matangazo ya matoleo, na mambo ya siri, yaani udhaifu wa kiusalama na malalamiko kuhusu mwenendo wa mtu.

Kwa kila fungu jiulizeni maswali matatu. Je, kuna mtu atakayehitaji kuyasoma haya baada ya miaka miwili? Je, mtu asiye na akaunti anapaswa kuyaona? Je, jibu likichelewa siku moja kuna kitakachoharibika? Fungu lenye “ndiyo” kwa maswali mawili ya kwanza ni mali ya kumbukumbu, na kwa kawaida manne kati ya sita yanaangukia huko. Lenye “ndiyo” kwa swali la tatu peke yake ni la gumzo. La siri lina njia yake.

Hatua ya 2: Chagueni nyumba ya kumbukumbu

Hitilafu na maombi ya vipengele zina kwao tayari: tiketi, au ishu kama waandishi wengi wa programu wanavyoziita, pale pale msimbo ulipo, iwe GitHub, GitLab au Codeberg. Hapo hapahitaji mjadala. Panapohitaji uamuzi ni nyumba ya maswali na mijadala, na njia za kweli ni tatu.

Njia ya kwanza, na nyepesi kuliko zote, ni kutumia kipengele cha Discussions cha GitHub ikiwa msimbo wenu uko huko. Fungueni Settings za hazina yenu (repository, ghala la msimbo), shukeni hadi Features, wekeni alama kwenye Discussions. Anzeni na makundi matatu tu: matangazo, ambayo watunzaji peke yao ndio huanzisha mada, maswali na majibu, ambako muulizaji anaweza kutia alama jibu lililomsaidia, na mawazo. Mtu huweza kusoma bila akaunti, kurasa zake hupatikana kupitia Google, na aliye na akaunti anaweza kujibu kwa kurudisha barua pepe ya arifa. Upungufu wake ni mmoja ila mkubwa: muuguzi au mwalimu anayetumia programu yenu hana akaunti ya GitHub, na hataifungua ili aulize swali moja.

Ili maswali yasiendelee kumiminika kwenye tiketi, wekeni faili .github/ISSUE_TEMPLATE/config.yml. Ndani yake andikeni blank_issues_enabled: false, na chini ya contact_links wekeni kiungo cha mahali pa maswali. Mtu akitaka kufungua tiketi mpya ataona kwanza kibao kinachomwelekeza.

Njia ya pili ni jukwaa la Discourse, programu ya kuendesha mijadala mtandaoni. Hili ndilo tunalolipendekeza pale watumiaji wanapokuwa wengi kuliko waandishi wa msimbo. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao mizizi yake ya mwanzo iko Eldoret, hufanya mijadala yake kwenye jukwaa la Discourse. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya wa Chuo Kikuu cha Oslo unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda, hufanya vivyo hivyo. Sababu inaonekana wazi: mtu wa takwimu wilayani na mwandishi wa msimbo walio nchi mbili tofauti wanakutana kwenye uzi mmoja, kila mmoja kwa saa yake, na anayekuja mwakani anaukuta.

Njia ya tatu ni orodha ya barua pepe, kwa programu ya Mailman 3. Kwa aliyezoea ni nyepesi mno, inakula bando dogo, na kila mwanachama anabaki na nakala yake mwenyewe. Miradi mikubwa kama kernel ya Linux na Debian bado inaishi kwa orodha za barua pepe. Kwa mradi mpya hatuishauri isipokuwa wachangiaji wote ni watu wa barua pepe kweli kweli. Kuna tego moja linalowanasa wengi: mtoa huduma wa barua akiwa na sera kali ya DMARC (kanuni ya kukagua kama barua imetoka kweli kwa anayetajwa), ujumbe unaopitia orodha yenu huonekana wa kughushi, kwa sababu unatoka kwenye seva yenu ilhali umebeba anwani ya mtumaji. Unakataliwa, na wanachama wanaanza kuondolewa kwenye orodha mmoja mmoja bila kujua kosa lao. Dawa ni kuiambia Mailman ibadilishe sehemu ya From, yaani mtumaji, iwe anwani ya orodha; utaukuta mpangilio huo kwenye sehemu ya DMARC ya mipangilio ya orodha.

Hatua ya 3: Kusimamisha Discourse bila kujuta

Kabla ya kukodi seva, ulizeni kampuni ya Discourse kama mradi wenu unafaa kupewa nafasi ya bure wanayotoa kwa miradi ya programu huria. Mkikubaliwa, rukeni sehemu hii.

Mkijisimamishia wenyewe, kiwango cha chini ni RAM ya GB 1 pamoja na swap (sehemu ya diski inayoisaidia RAM) ya GB 2, na diski ya GB 10. Sisi tunasema RAM GB 2 na diski GB 25. Seva ya GB 1 huwaka vizuri siku ya kwanza, kisha hukwama siku ya kusasisha, kwa kuwa ujenzi mpya wa kontena (kifurushi ambamo Discourse huendeshwa) unahitaji RAM nyingi kuliko uendeshaji wa kila siku. Mnahitaji pia domeni yenu, yaani jina lenu la mtandaoni. Anwani ya IP, yaani namba ya seva mtandaoni, peke yake haitakubalika.

Mpangilio wa kazi ni huu. Elekezeni jina kama “jukwaa”, chini ya domeni yenu, kwenye IP ya seva kwa rekodi ya A katika DNS (daftari la mtandao linalounganisha majina na anwani). Wekeni Docker, programu ya kuendesha kontena. Nakilini hazina ya discourse_docker kwa git (programu ya kunakili na kutunza msimbo) ndani ya /var/discourse, ingieni humo, kisha endesheni ./discourse-setup. Itawauliza jina la domeni, barua pepe ya msimamizi, na taarifa za SMTP, yaani njia ya kutuma barua pepe. Cheti cha HTTPS kitajiweka chenyewe iwapo milango ya mtandao ya seva (ports) 80 na 443 iko wazi.

Kwenye SMTP ndipo wengi wanapokwama. Discourse huitegemea sana barua pepe: kwa kawaida usajili, nenosiri na arifa vyote vinapita huko, hata akaunti ya kwanza ya msimamizi huthibitishwa kwa barua. Kampuni nyingi za kukodisha seva zimefunga mlango 25, kwa hiyo seva yenu haitatuma barua moja kwa moja. Tumieni huduma ya kutuma barua kupitia mlango 587. Kisha kwenye DNS wekeni rekodi tatu: SPF (orodha ya wanaoruhusiwa kutuma kwa jina lenu) inayotaja huduma hiyo, ufunguo wa DKIM (saini ya barua) watakaowapa, na DMARC ambayo kwa mwezi wa kwanza iwe p=none, yaani isiyokataa barua, ili muone kinachoshindwa ukaguzi kabla ya kukaza. Jaribuni kwa kutuma barua kwenda Gmail na kwenda kwenye sanduku la kampuni au chuo. Ikifika kwenye barua taka, rekebisheni sasa hivi. Msikaribishe mtu hata mmoja kabla ya hapo, maana mtu aliyekosa barua ya kuthibitisha akaunti hajaribu tena.

Mkimaliza, fanyeni kategoria chache: matangazo, msaada, uendelezaji. Tatu zinatosha mpaka mada zifike mia. Kategoria kumi na mbili tupu humfanya mgeni aone nyumba isiyokaliwa. Kama sehemu kubwa ya watumiaji wanazungumza Kiswahili na mradi unaendeshwa kwa Kiingereza, ongezeni kategoria moja ya msaada kwa Kiswahili, na pawe na mtunzaji mmoja aliyekubali kwa jina kuhamishia hitilafu za kweli kwenye tiketi. Bila mtu huyo, kategoria inageuka chumba cha malalamiko yasiyofika popote.

Hatua ya 4: Gumzo moja, si matatu

Gumzo ni mto: maneno yanapita. Chagueni chombo kimoja mkijua hivyo.

IRC, mfumo wa gumzo la maandishi, ni ya tangu 1988 na bado inatumika. Kwenye Libera.Chat, mmoja wa mitandao yake, mnaunganisha kwa mlango 6697, mnasajili jina kwa huduma yake ya NickServ, kisha chaneli kwa ChanServ. Alama moja ya # mbele ya jina la chaneli ni ya miradi rasmi. Mbili, ##, ni ya mada za jumla. Bando linaloliwa ni dogo kiasi kwamba hata mtandao wa 2G unatosha. Lakini simu ikikatika, kilichosemwa ukiwa nje hukioni, na kwa mchangiaji ambaye umeme na mtandao vinakatika mara kwa mara, hilo linamweka kando ya kila mazungumzo.

Matrix, mfumo mwingine wa gumzo, inaondoa tatizo hilo: historia inakaa kwenye seva, na seva za watu mbalimbali zinazungumza zenyewe kwa zenyewe. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, ilipozima IRC yake mwaka 2020 ilihamia huko. Mnaweza kufungua chumba kwenye seva ya umma bila kukodi chochote. Mpangilio mmoja msiuguse kwa chumba cha umma: usimbaji fiche, yaani kufunga ujumbe ili waliomo tu waweze kuusoma. Ukishawashwa kwenye chumba hauzimiki tena, na wanaojiunga baadaye hawataweza kusoma yaliyotangulia. Chumba cha wazi hakina siri ya kulindwa, kwa hiyo mnapoteza kumbukumbu bila kupata kitu. Kwenye mipangilio ya faragha ya chumba, wekeni historia isomwe na yeyote.

Zulip, programu ya gumzo, ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza kwa timu ndogo iliyotawanyika. Ujumbe wa kila chaneli hupangwa kwa mada, kwa hiyo mtu anayeamka Muscat au Toronto anasoma mada mbili zinazomhusu na kuziacha kumi. Miradi ya programu huria hupewa huduma yao ya mtandaoni bila malipo kwa kuomba, na msimamizi anaweza kuruhusu chaneli zisomwe bila kuingia. Kama mna nidhamu ya kuandika mada vizuri, Zulip inaweza kubeba hata sehemu ya kazi ya kumbukumbu.

Slack ya bure huonyesha ujumbe wa siku 90 tu, na tangu 2024 ujumbe uliozidi mwaka mmoja hufutwa kabisa. Uamuzi uliofanywa humo una tarehe ya kufa. Discord haina ukomo huo wa siku, ila hakuna kinachoonekana kwa anayetafuta kutoka nje, na si nyinyi wenye seva ingawa wao huita kila kundi “seva”.

Sasa WhatsApp na Telegram. Afrika Mashariki huwezi kujifanya kama hazipo. Bando la WhatsApp ni rahisi kuliko bando la kawaida, na kila mtu anayo tayari. Zitumieni, lakini kwa kazi inayozifaa. Kundi la WhatsApp linachukua watu 1,024, linawafunulia wenzako namba yako ya simu, na haliwezi kusomwa kutoka nje. Suala la namba si dogo: wapo wanawake wanaoacha miradi kwa sababu ya simu za usiku kutoka kwa watu waliochukua namba zao kwenye kundi. Hivyo chukueni chaneli ya matangazo ya WhatsApp, ambako wafuasi hawaonani namba, au kundi ambalo wasimamizi peke yao ndio huandika, ingawa kundini namba bado huonekana. Humo wekeni toleo jipya, tarehe ya mkutano, na kiungo cha mjadala. Telegram inabeba hadi watu 200,000 kwa kundi na inaruhusu kuficha namba, basi inafaa zaidi kwa soga la wazi. Kwa zote mbili, kanuni ni ile ile: swali likiulizwa humo, msijibu kwa urefu humo. Jibuni jukwaani, kisha mrudishe kiungo. Mara tatu za kwanza watu watanung’unika. Kufikia ya kumi wataanza kutafuta kabla ya kuuliza.

Kuhusu madaraja yanayounganisha vyombo viwili ili ujumbe uonekane kote, yaepukeni mwanzoni. Daraja likikatika hakuna anayejua, nusu ya watu wanajibu kivuli. Daraja kubwa kati ya Matrix na Libera.Chat lilifungwa 2023, na jumuiya zilizolitegemea zikajikuta zimegawanyika.

Hatua ya 5: Mlango wa siri

Wekeni faili SECURITY.md kwenye mzizi wa hazina, lenye mambo manne: anwani ya barua pepe inayofika kwa watunzaji wasiopungua wawili, matoleo yanayopata marekebisho, siku ngapi mtajibu (tatu ni muda wa haki), na ombi la wazi kwamba udhaifu usiandikwe kwenye tiketi ya umma. Kwenye GitHub washeni pia private vulnerability reporting (kuripoti udhaifu kwa siri) ndani ya mipangilio ya usalama.

Malalamiko ya mwenendo yapewe anwani tofauti, yenye watu wawili tofauti, na mmoja wao asiwe kiongozi wa mradi. Anayelalamikiwa huenda ndiye kiongozi. Contributor Covenant, kanuni za mwenendo zilizokwisha kuandikwa, ni maandishi mazuri ya kuanzia, lakini yana nafasi ya kujaza anwani, na miradi mingi huyanakili na kuiacha nafasi hiyo tupu. Kanuni isiyo na wa kumwendea ni mapambo.

Hatua ya 6: Mikutano na saa

Jitsi Meet, programu ya mikutano ya mtandaoni, inatosha kwa watu hadi kumi na tano au zaidi kidogo. Anzeni kwa sauti peke yake. Sauti ya kilobiti 32 kwa sekunde inakula takriban MB 14 kwa saa kila upande. Video huzidisha hapo mara nyingi, na anayelipa kwa bando lake mwenyewe ataacha kuja bila kusema kwa nini.

Tatizo kubwa zaidi la mikutano ya watu wetu ni saa yenyewe. “Tukutane saa 11” kwa Mswahili ni saa kumi na moja jioni, yaani 17:00. Kwa mchangiaji wa Berlin ni 11:00 asubuhi. Andikeni daima kwa tarakimu za saa 24 na UTC (saa ya pamoja ya dunia) kando yake: 17:00 Dar es Salaam na Nairobi, 14:00 UTC. Hiyo ni 16:00 Bukavu, Kigali na Bujumbura, na 18:00 Muscat. New York ni 10:00 mwezi Julai lakini 9:00 Januari, kwa sababu Wamarekani husogeza saa na sisi hatusogezi. Kwa hiyo fungeni mkutano kwenye UTC na si kwenye saa ya mji wao.

Na mkutano usiamue kitu siku hiyo hiyo. Mwandishi abandike muhtasari jukwaani ndani ya saa 24, kila pendekezo likae saa 72, na kimya kihesabiwe ridhaa. Asiyekuwa na umeme siku ya mkutano anabaki na sauti.

Hatua ya 7: Ukurasa mmoja wenye milango yote

Kwenye README (faili la utambulisho wa mradi), juu kabisa baada ya maelezo ya mradi, wekeni mistari mitano isiyozidi: una swali, nenda hapa; umeona hitilafu, hapa; unataka kuchangia, soma CONTRIBUTING.md; udhaifu wa kiusalama, andika huku; matangazo, fuata hapa. Kila mstari kiungo kimoja. Mstari ukihitaji “au”, mna vyombo viwili kwa kazi moja, na kimoja kinapaswa kuondoka.

Hatua ya 8: Funguo na nakala

Mei 2021 mtandao wa IRC wa freenode, uliokuwa nyumba ya miradi mingi mikubwa, ulipata mgogoro wa umiliki. Wengi wa wafanyakazi wake wa kujitolea wakaondoka na kuanzisha Libera.Chat. Siku chache baadaye mamia ya chaneli zilizotaja Libera kwenye maelezo yao zilichukuliwa na uongozi wa freenode. Mradi uliokuwa na kiungo chake wenyewe, chini ya domeni yake, uliweza kubadilisha kilikoelekea na kuendelea. Uliokuwa umechapisha anwani ya freenode kila mahali ulikuwa na kazi ya kuwatafuta watu wake.

Kwa hiyo nunueni domeni mapema, na kila chombo kitangazwe kwa kiungo kilicho chini yake, kwa mfano gumzo au jukwaa mbele ya jina lenu, kinachoelekeza kokote mlipo kwa sasa. Akaunti ya domeni, ya seva na ya kutuma barua zisiwe za mtu mmoja. Watunzaji wawili wawe na nywila zote ndani ya programu ya kutunza nywila, na wa tatu ajue tarehe domeni inapoisha muda.

Nakala rudufu za Discourse zijiendeshe kila siku na zihifadhiwe nje ya seva hiyo. Kila miezi mitatu, chukueni nakala moja na kuirudisha kwenye seva tupu. Ambayo haijawahi kurudishwa msiihesabu kuwa nakala.

Hatua ya 9: Kupima, na kufunga

Baada ya miezi mitatu chukueni maswali ishirini ya mwisho, kutoka kila chombo. Hesabuni yaliyojibiwa ndani ya siku mbili, yaliyowahi kuulizwa kabla, na yaliyoulizwa mahali pasipo pake. Kama yanayorudiwa ni zaidi ya matano, tatizo si watumiaji. Jibu lipo mahali wasipoweza kulipata, au halimo kwenye nyaraka. Yaliyopotea njia yakiwa mengi, rudini kwenye ile mistari mitano ya README.

Mkiamua kufunga chombo, msikiache kife chenyewe. Tangazeni tarehe wiki nne mbele. Hamisheni mada kumi zinazosomwa zaidi kwa mkono, kwa kuwa uhamishaji wa mashine huleta takataka zote pamoja na lulu. Pakueni kumbukumbu yote na kuihifadhi, mkiondoa namba za simu na ujumbe wa binafsi kabla ya kuiweka hadharani. Siku ikifika, zuieni ujumbe mpya, andikeni kwenye maelezo ya chaneli mlikohamia, na kiacheni kionekane kwa kusomwa tu kwa mwaka mzima kabla ya kukifuta.